Miche Saba Nyuma ya Nyumba ya Shangazi

Binamu yangu aliponipigia simu kunieleza kwamba Shangazi Mbambu amefariki, nilimuuliza swali la kipumbavu: nani anaangalia mimea yake? Nadhani alijiuliza kama uzee umeshaniingia kichwani, kisha akasema mimea ipo, dada, ile haina shida, mazishi ni Jumamosi. Haina shida. Maneno hayo nimeyasikia maisha yangu yote kuhusu mimea ile. Mimi ni muuguzi mstaafu, nimefumba macho ya marehemu wengi kwa mikono hii, wala sikulia. Nilikwenda jikoni nikaosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa. Ijumaa nikapanda basi la Kasese, na njia nzima nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza shule Bwera, kwetu mlimani karibu na mpaka wa nchi, na nilikuwa sina la kufanya ila kungoja. Mambo ya kwetu siyasemi, hapa si mahali pake. Nilitumwa kwa Shangazi kwa sababu mumewe, karani katika kiwanda cha kuchambua pamba, alikuwa ameaga dunia, na watu walisema haifai mjane asiye na mtoto akae peke yake. Nyumba ilikuwa upande wa mto Nyamwamba: vyumba viwili na sebule, bati juu, na chini saruji nyekundu iliyosuguliwa nta mpaka unaona miguu ya viti ndani yake. Joto la Kasese si la Bwera. Saa saba mchana bati lilikuwa likialika lenyewe, na sisi tukikaa sebuleni miguu wazi juu ya saruji, pazia limeshushwa, tukila bundu, ugali wetu wa muhogo, na samaki wa Katwe aliyekaushwa mpaka mifupa inatafunika. Sebule ile ilikuwa na viti vinne vyenye vitambaa vya kufuma, redio iliyovishwa shuka lake, picha ya marehemu mumewe akiwa na tai, na mimea mitatu ya nyoka. Unaijua: majani marefu yaliyosimama wima kama mapanga, yana madoa ya nyoka katikati na mstari wa manjano ukingoni. Mmoja ulikuwa nyuma ya mlango, mmoja chini ya picha, mmoja dirishani, kila mmoja katika debe la mafuta ya kupikia lililopakwa rangi ya kijani. Marehemu aliitoa ofisini siku mkubwa wao alipohama. Wenzake waligombania meza na viti, yeye akabeba madebe matatu kichwani na begani, wakamcheka barabara nzima. Shangazi alipenda kusimulia hilo. Alimalizia kwa kusema viti vile vimeshakuwa kuni.

Siku yangu ya pili tu, kabla hata hajanionyesha ufunguo unapowekwa, alinifundisha mimea. Aliushika mkono wangu akakididimiza kidole changu kwenye udongo wa debe hadi kiungo cha pili. Kikitoka na udongo, alisema, ondoka ukafanye kazi nyingine. Kikitoka kikavu kama umekichovya kwenye unga, hapo ndipo ulete kikombe. Kikombe kimoja, kando ya debe, si katikati ya majani, maana maji yakikaa pale ndani yanaozesha. Jumamosi tunafuta vumbi kwa kitambaa kibichi, jani moja moja, kutoka chini kwenda juu, kiganja kimeshikilia upande wa pili ili jani lisivunjike. Kisha debe linazungushwa kidogo ili mmea usiegemee dirishani. Basi, hakuna jingine. Hauhitaji jua la kuulilia wala mbolea. Mimi niliyezoea bustani ya mlimani, ambako usipoamka mapema kiazi kinakununia, niliona huu si ufugaji wa mmea, ni kuutelekeza kwa heshima. Nikamwuliza kama hausikii kiu. Akanitazama usoni.

"Kabugho, usiuonee huruma. Nimeona ikifa mahali pengi, na yote iliuawa na huruma."

Shangazi alikuwa mfanyabiashara wa chumvi. Alikwenda Katwe kununua kwa wachimbaji, akarudi kuiuza sokoni Kasese, na kwa kawaida safari ilikuwa siku mbili tatu. Mara ile mvua iliharibu madimbwi ya chumvi, akabaki huko kungoja, na mimi nikabaki na nyumba wiki tatu. Nitasema kweli: nilijitia ujuaji. Nilitaka akirudi aikute mimea imenona, aseme mtoto huyu ana mkono. Na joto lile! Mimi mwenyewe nilikuwa nakunywa maji kama ng'ombe, nitawezaje kupita mbele ya kiumbe kisichoweza kuomba? Nikawa napeleka kikombe asubuhi, kikombe jioni. Wiki ya pili majani yakaanza kulegea. Nikaona ni kiu, nikaongeza. Asubuhi moja mmea wa nyuma ya mlango ukaanguka wenyewe sakafuni. Shina lilikuwa la manjano, laini kama ndizi iliyochemshwa, na kwa harufu yake sebule nzima ilinuka kama kisima kibovu. Nilikaa chini nikalia, kisha nikainuka nikaanza kuokoa. Nilivuta mimea yote mitatu, nikakata vilivyooza, nikaanika vizima uvunguni siku mbili vidonda vikauke, nikarudisha katika kila debe kilichotosha. Vikabaki vichipukizi saba vyenye mizizi, madebe hakuna.

Sasa sikiliza ujinga wangu. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kiwanja kinachoshuka hadi mferejini: migomba karibu na jiko, kisha maharage, kisha mihogo. Kivuli cha migomba kiliishia katikati ya kiwanja, nikaona pale ndipo vichipukizi vitapona, si juani wala si gizani. Shuleni Bwera tulifundishwa kilimo kwa kamba na vigingi, na mwalimu wetu alikuwa akichapa mistari iliyopinda. Nikachukua kamba ya kuanikia nguo, nikaifunga kwenye ukuta wa jirani wa kulia, nikaivuta hadi ua wa jirani wa kushoto, nikapanda miche yangu saba, kila mmoja hatua moja kamili na mwenzake. Ilinyooka ikapendeza. Na kwetu, mtu yeyote, hata mtoto anayechunga mbuzi, anajua kwamba mpaka wa shamba hauandikwi, unapandwa: unatafutwa mmea usiokufa, unapandwa mstari mbele ya watu, na tangu hapo mmea ndio shahidi. Nilijua hilo tangu sijaota meno ya mbele. Lakini mimea ya mipaka niliyoijua ni ile ya mlimani, ya kwenye mashamba ya babu zetu. Hii ilikuwa ua la ofisini, ua la kukaa chini ya picha. Haikunipitia kabisa kichwani.

Shangazi aliporudi na magunia yake, alitazama mimea iliyopungua madebeni. Alichukua maji akaenda nyuma kunawa miguu. Nikamsikia akicheka. Aliniita, akaniuliza nani kanituma niwe mzee wa mipaka, mbona nimemgawia shamba lake kama niliyeletwa na korti. Tulicheka wote. Kisha akaacha kucheka, akanionyesha kwa kidole ng'ambo ya mstari, kule chini kwenye mihogo. Akasema pale, Mungu akijalia, atanijengea chumba changu chenye mlango wake, nikipata kazi hapa mjini nisiwe mtu wa kupanga kwa watu. Na akasema miche ile ing'olewe kesho. Nikasema ndiyo, Shangazi. Kesho yake nilifua. Keshokutwa mvua ikanyesha. Siku iliyofuata nikakuta kila mche umetoa jani jipya, limejikunja kama karatasi ya barua, na nikaona uchungu, maana katika mji ule vile ndivyo vitu pekee vilivyopona mikononi mwangu. Alinikumbusha mara mbili. Mara ya tatu alikuwa na chumvi ya kuuza, akaniachia. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tunasema, lakini methali ile ina uongo ndani yake: mara nyingine guu linalovunjika ni la mkuu mwenyewe.

Marehemu mume wa Shangazi alikuwa na mdogo wake, Mzee Kule, mwenye lori la kupeleka mizigo mpakani. Uzee wenyewe ulikuwa wa kupewa, alikuwa hajafika arobaini na tano. Kila Jumapili alikuja kula kwetu, akakaa kiti cha kaka yake bila kuambiwa karibu, na mimi nikamletea maji ya kunawa. Barabara ya Bwera ilikuwa imeshamwingia mdomoni, hata Shangazi alizungumza naye Kiswahili cha mpakani. Nisimsingizie: kwangu alikuwa mwema. Katika watu wote wa ukoo, yeye ndiye wa kwanza kuniuliza nataka kuwa nani. Nilisema muuguzi. Akasema anamfahamu mkuu wa chuo kimoja cha wauguzi, alimbebea mbao za kujengea bweni, niandike barua ataipeleka mwenyewe. Niliiandika palepale mezani, mmea wa dirishani ukinigusa kiwiko, akaikunja akaitia mfuko wa shati. Wiki nzima nilitembea nikiona nguo nyeupe.

Jumapili moja, miezi kadhaa tangu nipande, alikula akashiba akatoka nyuma kujinyoosha. Alikawia. Nilikuwa naosha sahani, nikamwona amesimama mbele ya miche, mikono nyuma, akihesabu kwa kidevu. Wakati huo ilikuwa imeshakolea, imezaa wenzake pembeni, huwezi kujua ni ya mwaka huu au ya enzi. Alirudi sebuleni akaomba kijiti cha kuchokonolea meno. Nikasikia kupitia pazia akisema kwa sauti ya upole kwamba kumbe kaka alishaweka mpaka, na yeye hakujua. Kaka siku zote alimwambia sehemu ya chini ni yake. Shangazi alicheka, akasema ni huyu mtoto kapanda juzi, alikuwa anacheza. Mzee Kule naye akacheka. Mtoto hawezi kupanda mstari namna ile, alisema. Mtoto anapanda kama kuku anayeparua. Ile beko saba, alama za mpaka, zote sawasawa, ukuta kwa ukuta. Shangazi akaacha kucheka na mimi nikasikia kijiko kikiwekwa mezani.

Mzee Kule hakugombana naye. Alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, baraza likapangwa. Siku mbili kabla ya baraza akanikuta kwenye bomba la maji, akashuka kwenye lori, akanisaidia kutwika mtungi. Akasema barua yangu iko kwa mkubwa wa chuo, ameisoma, ameipenda, anangoja neno lake tu. Kisha akasema hili, na sijalisahau hata nukta:

"Mimi haiwezi kukuambia useme uongo, mutoto yangu. Sema hujui. Kutojua haiko uongo."

Baraza lilikaa asubuhi, kwenye kibaraza cha duka la mwenyekiti, mwanajeshi mstaafu ambaye mtaa mzima tulimwita Afande. Mtaa ulikuwa na watu wa kila kabila, kwa hiyo kesi ziliendeshwa kwa Kiswahili chake cha kambini. Mzee Kule alisema yake. Shangazi alisema yake, maneno machache, akamalizia kwamba hana haja ya mashahidi wengi, mtoto wake yupo hapa, aulizwe. Mtoto wake. Tukaongozana wote hadi nyuma ya nyumba. Mzee mmoja akainama akatikisa mche, haukutikisika, akasema hii ina miaka. Afande akanigeukia.

"Wewe musichana, simama hapa. Hii kitu nani alipanda?"

Shangazi hakuwa ananitazama kwa kuomba. Laiti angeomba. Alikuwa anatazama kando, kama mtu aliyempa mwenye duka noti yake na anangoja tu chenji, hana wasiwasi wowote. Nilikuwa na kamba ya nguo mbele yangu, ileile, imeanikwa shuka. Ningeionyesha kwa kidole yangeisha. Nikaiona barua yangu, nikaona nguo nyeupe, nikaona tena Bwera na kungoja kwake. Nikasema sijui. Na kwa kuwa uongo mmoja huwa haukai peke yake, nikaongeza, bila kuulizwa na mtu, kwamba niliikuta.

Shangazi akageuka. Hakunitazama usoni, alitazama mikono yangu. Akakaza kitenge chake kiunoni, akasema sawa. Afande akaamuru kwamba mpaka ni mpaka, upande wa chini ni wa ndugu wa marehemu, wa juu ni wa mjane, na atakayeng'oa mche hata mmoja atakiona. Mchana ule Shangazi alipika kama kawaida. Alinipakulia samaki upande wa tumbo, ninaoupenda. Ningependa anipige, anifukuze, anitukanie mama yangu. Wapi! Aliniuliza kama chumvi imetosha. Jumamosi nilichukua kitambaa nifute majani, akakipokea mkononi mwangu taratibu, akasema acha, nitafanya. Hiyo ndiyo adhabu yote niliyowahi kupewa. Sikugusa tena jani katika nyumba ile, na yeye hakusema tena neno juu ya jambo lile hadi kufa kwake.

Na Mzee Kule alitimiza ahadi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Angenidanganya ningekuwa na mtu wa kumlaani, ningejiita niliyedhulumiwa, tungelia pamoja mimi na Shangazi. Barua ya chuo ilikuja ndani ya mwezi. Kila mgonjwa niliyemhudumia, kila cheti ukutani kwangu, kila mtu aliyeniita sista kwa heshima, mzizi wake uko pale kwenye mstari ule. Siku ya kuondoka Shangazi alinifungia chumvi, karanga, na kopo dogo lenye chipukizi moja la mmea wa nyoka. Akasema huu hautanisumbua. Sikuuweza. Wiki ya kwanza bwenini nilimpa msichana wa chumba cha pili, akauweka dirishani, na kwa miaka mitatu nikaupita kila asubuhi ukizidi kunenepa. Baadaye nilikuwa nakuja Kasese Krismasi na sukari na vitenge. Shangazi alinipokea vizuri sana. Alitoa kikombe cha wageni, kile chenye sahani yake, akanikalisha kiti cha dirishani na kuniuliza habari za safari. Mtu anayekupenda hakupi kikombe cha wageni miaka thelathini.

Jumamosi ya mazishi nilikuta sebule ileile, saruji ileile, madebe yamepakwa rangi upya na majani hayana vumbi, maana aliyafuta mwenyewe hadi wiki aliyougua. Wanawake walikuwa uani wakimenya matoke, nikawasikia wakisema marehemu alikuwa hana neno na mtu, na ona, mjane wa watu, alisomesha muuguzi mzima. Sikusimama kuwasahihisha. Nikazunguka nyuma. Mzee Kule alishakufa zamani. Wanawe wamejenga vyumba vya kupangisha, milango sita ya bluu, kuanzia mferejini hadi kwenye mstari, bila kuvuka hata unyayo, watu waadilifu. Mstari wenyewe sasa ni ukuta wa majani yanayonifika kiunoni. Shangazi aliacha usia asirudishwe mlimani, azikwe kwake. Kwake palikuwa pamebaki jiko, migomba minne na kipande cha ardhi, kwa hiyo kaburi lilichimbwa hatua mbili kutoka kwenye mimea. Udongo uliotolewa uliangukia majani, na wachimbaji walipopumzika waliegemeza majembe yao humo.

Msimamizi wa shughuli akanipa kipaza sauti, akanitambulisha kama mtoto aliyelelewa na marehemu. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi. Sikuyasoma. Nilisema nina jambo la kusema mbele yake kabla hajafunikwa. Nikanyoosha mkono kuelekea mstari, mkono uleule aliouangalia siku ile, nikasema ile mimea niliipanda mimi. Miche saba, kwa kamba ya nguo, mwaka niliokaa hapa. Si marehemu mumewe, si mtu mwingine, ni mimi, na nilipoulizwa nilisema sijui. Kisha nikangoja. Nilingoja mtu ainuke, mtu agune, mtu hata mmoja wa baraza lile anyooshe kidole. Wote walishatangulia. Vijana walikuwa wakitazama simu zao. Msimamizi akapokea kipaza sauti, akasema tumshukuru mama muuguzi, hata uzuri wa uwanja huu kumbe ni kazi ya mikono yake, na watu wakapiga makofi.

Tulipomaliza kuzika, kijana mmoja mrefu akanijia, mtoto wa mwisho wa Mzee Kule, mwalimu, mpole kama baba yake. Alikuwa ameng'oa chipukizi kwenye mstari, upande wao, akalitia kwenye mfuko wa plastiki na udongo wake. Alisema hakuwahi kujua nani wa kumshukuru, wapangaji wao wote wanaipenda mimea hii, na haifai nirudi mikono mitupu kutoka kwa Shangazi.

"Weka tu ndani, mama. Haina shida hii. Hata ukiisahau, haifi."

Nikamwambia najua, mwanangu. Nikaupokea kwa mikono miwili, nikasema asante.